Waziri Mtiifu na Waziri Mwenye Msimamo Wake: Ulinganisho kwa Anayetaka Kutoa Maoni Kuhusu Wateule

Kila orodha ya wateule wa uwaziri inapotangazwa kutoka Ikulu, swali la kwanza linaloulizwa katika baraza za Mkunguni kisiwani Lamu, na vilevile katika maduka na ofisi za Malindi, huwa ni kama kuna mtu wa Pwani ndani yake. Swali hilo lina haki yake. Likishajibiwa, hata hivyo, hubaki jingine lililo zito zaidi, nalo huwagawanya watu bila kufika mwisho: je, ni heri waziri awe mtiifu kamili kwa Rais aliyemteua, au awe mtu mwenye msimamo wake, anayeweza kumwambia Rais kwamba jambo hili si sawa?

Ulinganisho huu umekusudiwa msomaji aliyekwama kati ya sifa hizo mbili, na ambaye maoni yake yana pa kwenda. Rais ndiye anayeteua, lakini waziri hateuliwi rasmi nchini Kenya kabla ya Bunge la Taifa kumpiga msasa na kumwidhinisha, na sheria ya mwaka 2011 inayoongoza shughuli hiyo inamruhusu mwananchi yeyote kumpelekea Karani wa Bunge maelezo ya kiapo yanayopinga ufaafu wa mteule. Katika kaunti mpango ni huohuo: gavana wa Lamu au wa Kilifi huteua wanakamati wake, ambao sote tunawaita mawaziri wa kaunti, na bunge la kaunti ndilo linalowaidhinisha. Anayejua ni sifa gani anayoitafuta ataandika maelezo yenye uzito kuliko yule anayelalamika tu kwamba mteule si wa kwao.

Pande mbili zenyewe

Mtiifu ninayemzungumzia si kibaraka. Ni mtu aliyeshikamana na ajenda ya Rais, pengine tangu siku za kampeni, na anayeamini kwamba kura za wananchi zilimpa Rais, wala si yeye, haki ya kuamua nchi ielekee wapi. Mwenye msimamo wake naye si mpinzani aliyejificha serikalini. Ni mtu ambaye kabla ya kuteuliwa alikuwa na jina, taaluma au wafuasi wake mwenyewe, na anayeona kwamba dhamana yake kwa umma haikomi mlangoni pa Ikulu.

Katiba ya 2010 haikumtaka waziri achague upande mmoja na kuutupa mwingine. Katika kiapo kilichomo kwenye Jedwali la Tatu, waziri huahidi kuwa mwaminifu kwa Jamhuri ya Kenya na kuitii na kuitetea Katiba, kisha huahidi kuwa mshauri wa kweli na mwaminifu kwa Rais katika uendeshaji mwema wa mambo ya umma, na kutozifichua siri alizokabidhiwa. Kifungu cha 153 kinamfanya awajibike kwa Rais, yeye binafsi na pamoja na wenzake, na hapohapo kinamlazimu kufika mbele ya kamati za Bunge anapoitwa na kulipa Bunge taarifa kamili za mara kwa mara. Kwa hivyo sheria inazitaka sifa zote mbili, na kazi ya mwenye kuteua, mwenye kuidhinisha na mwenye kutoa maoni ni kuamua ipi izidi katika ofisi ipi na kwa wakati gani.

Vigezo vinne vitatusaidia. Cha kwanza ni kazi kutendeka. Cha pili, ambacho kwangu ndicho kikubwa, ni ubora wa ushauri anaoupata Rais kabla hajaamua. Cha tatu ni kinga ya mwananchi pale uamuzi unapokuwa na kosa, na cha nne ni gharama ya siku ya kuachana.

Kazi kutendeka

Hapa mtiifu ana nguvu, na haifai kumnyima. Serikali inapotaka kujenga barabara, kugawa hati za ardhi au kubadilisha mfumo wa afya, wizara tatu au nne lazima zivute pamoja, na wahenga wa Pwani walishasema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kenya ililiona hilo kati ya mwaka 2003 na 2005. Serikali ya NARC, muungano wa vyama, ilikuwa na mawaziri wa kambi mbili ambazo hazikuaminiana tangu mwanzo, na ilipofika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005 kuhusu rasimu ya katiba, mawaziri wa serikali moja walizunguka nchi nzima wakipingana hadharani, hawa chini ya alama ya ndizi na hawa chini ya chungwa. Upande wa Rais Mwai Kibaki ulishindwa, na siku mbili baadaye akalivunja baraza lote; alipoliunda upya, walioongoza kambi ya chungwa hawakuwamo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu rasimu ile, lakini ni vigumu kudai kwamba mwananchi alifaidika na miezi yote ambayo mawaziri wake hawakuweza kukaa meza moja wakakubaliana.

Mwenye msimamo wake hana budi kukubali lawama hiyo. Utetezi wake ni kwamba uamuzi uliopita haraka bila kupingwa na mtu ndani hupingwa baadaye na watu wa nje, na huko nje upinzani hugharimu zaidi. Utetezi huo unatupeleka moja kwa moja kwenye kigezo cha pili.

Ushauri kabla ya uamuzi

Machi 2, 2012, Rais Kibaki alikuja Lamu pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuweka jiwe la msingi la LAPSSET, mradi wa njia za uchukuzi kati ya nchi hizo tatu, ambao kiini chake ni bandari ya Lamu. Mwaka huohuo wakazi wa Lamu walienda mahakamani. Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, zikiwemo haki ya utamaduni wao, ya mazingira safi, ya kupewa habari na ya kushirikishwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021.

Tafadhali yasome mambo hayo tena kwa jicho la mtu anayemchagua waziri. Kwamba mvuvi wa Lamu hutegemea mikoko, miamba na mikondo iliyo karibu, kwa kuwa chombo chake hakimudu bahari kuu, ni jambo ambalo waziri wa uvuvi au wa mazingira angeweza kulieleza kwa ukurasa mmoja kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Hapakuhitajika ujasiri wa kupinga bandari. Wengi wetu hatukuipinga bandari yenyewe. Palihitajika mtu wa kusema kwamba watu hawa waulizwe kwanza, na fidia yao iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Sauti kama hiyo ikikosekana ndani ya chumba, hutafutwa kwa mawakili na miaka sita ya kesi.

Je, sauti hiyo ingekuwa ya mtiifu au ya mwenye msimamo wake? Watu wengi hujibu haraka kwamba ni ya huyu wa pili, nami naona haraka hiyo inamdhulumu wa kwanza. Mtiifu ana mali moja ambayo mwenzake hana: husikilizwa. Rais humwegemea mtu asiyemshuku kwamba anakitamani kiti chake au anatafuta vichwa vya habari vya kesho, na maneno makali yakitoka kwa mwandani, usiku, bila ya shahidi, Rais anaweza kuyakubali na heshima yake isiguswe. Maneno yaleyale yakitoka kwa mtu aliyeingia serikalini na jina lake kubwa, hupimwa kwanza kwa nia yake ndipo yapimwe kwa ukweli wake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba uandani huja na hofu ya kuupoteza. Mtu ambaye kila alichonacho kimetoka mkono mmoja atafikiri mara kumi kabla ya kuukasirisha mkono huo, na Rais aliyezungukwa na watu wa namna hiyo huishia kusikia mwangwi wa sauti yake. Marufuku ya kuvua usiku iliyowekwa Lamu kwa sababu za usalama, iliyodumu miaka kadhaa, ni mfano wa uamuzi unaohitaji waziri mwenye msimamo wake. Hoja ya usalama ilikuwa na uzito wake baada ya utekaji nyara wa 2011 huko Kiwayu na Manda, lakini mtu mmoja mezani alipaswa kuuliza familia inayokula kwa jarife la usiku itakula nini, na kuuliza tena mwaka uliofuata.

Kuna mfano mmoja wa nje ambao huonyesha kwamba sifa hizi mbili zinaweza kukaa katika mtu mmoja. Aprili 1980, Cyrus Vance, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipinga mpango wa Rais Jimmy Carter wa kutuma wanajeshi kuwaokoa mateka huko Iran. Aliposhindwa ndani ya chumba, alimkabidhi Rais barua ya kujiuzulu kabla operesheni haijafanyika, akainyamazia siri hiyo ili asihatarishe maisha ya wanajeshi, na akaondoka hadharani baada ya operesheni kushindwa. Alikuwa ameshaamua kuondoka hata kama ingefaulu. Siuoni mfano ulio safi zaidi wa mshauri wa kweli aliye pia mwaminifu.

Kinga ya mwananchi

Katika kigezo hiki mwenye msimamo wake ana faida iliyo wazi. Elliot Richardson alipokuwa akipigwa msasa na Seneti ya Marekani mwaka 1973 ili awe Mwanasheria Mkuu, aliahidi kwamba mwendesha mashtaka maalumu wa kashfa ya Watergate, iliyomkabili Rais mwenyewe, hataondolewa isipokuwa kwa kosa kubwa la kikazi. Oktoba 20 mwaka huohuo Rais Richard Nixon alimwamuru amfute kazi mwendesha mashtaka huyo. Richardson akajiuzulu, naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa, aliyefuata, Robert Bork, akaitekeleza amri. Kilichombana Richardson, pamoja na dhamiri yake, kilikuwa ahadi aliyoitoa mbele ya kamati na ikaandikwa. Wabunge wetu wangefanya vyema kuomba ahadi za aina hiyo badala ya kumaliza muda wa msasa wakiuliza utajiri wa mteule ni shilingi ngapi.

Mtiifu naye hana mkono mtupu hapa. Baraza la mawaziri likiwa kitu kimoja, mpiga kura anajua amwadhibu nani: hakuna waziri wa kusingiziwa wala Rais wa kusema kwamba alizuiwa. Faida hiyo, hata hivyo, husubiri mpaka siku ya uchaguzi, na katikati ya muhula chombo pekee cha Bunge cha kumwondoa waziri ni hoja iliyo chini ya Kifungu cha 152. Mei 2024 Bunge lilianzisha hoja hiyo dhidi ya Mithika Linturi, waziri wa Kilimo, kufuatia kashfa ya mbolea bandia. Kamati ya wabunge 11 ikaona madai hayakuthibitishwa, na hoja ikaishia hapo. Miezi miwili baadaye alipoteza kazi pamoja na wenzake, na kalamu iliyomfuta ilikuwa ya Rais. Waziri anayelijua hilo hujua pia ni nani wa kumwogopa.

Siku ya kuachana

Chini ya katiba ya zamani, waziri wa Kenya alikuwa pia mbunge. Masinde Muliro alipofutwa kazi mwaka 1975 kwa kuiunga mkono bungeni ripoti ya kamati iliyochunguza mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, bado alikuwa na kiti chake. Martha Karua alipojiuzulu wizara ya Haki Aprili 2009, aliendelea kuwa mbunge wa Gichugu. Hata ubunge haukutosha wakati wote: Kenneth Matiba alijiuzulu Desemba 1988 kwa kulalamikia wizi wa kura katika uchaguzi wa chama, na mwaka 1990 akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, kifungo kilichomharibia afya. Kwa jirani zetu Tanzania mambo yaliwahi kwenda tofauti, kwani Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa kubeba dhamana ya mateso yaliyotendwa na watu waliokuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1985 akawa Rais wa nchi hiyo.

Katiba ya 2010 ilikataza waziri kuwa mbunge. Malindi tuliliona kwa macho. Dan Kazungu, tuliyemchagua kuwa mbunge mwaka 2013 kwa tiketi ya ODM, chama cha upinzani, aliteuliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa 2015 kuwa waziri wa Madini. Ilimbidi aache kiti, na uchaguzi mdogo wa Machi 2016 ukampa ushindi Willy Mtengo wa ODM. Lengo la katiba lilikuwa jema, kuitenga serikali na Bunge, lakini nina hakika kwamba lilimwongezea waziri utegemezi. Akikosana na Rais, hana wadi wala eneo bunge la kurudi. Ana taaluma yake, kama anayo. Justin Muturi, aliyekuwa waziri wa Utumishi wa Umma, alisema hadharani Januari 2025 kwamba mwanawe alitekwa na maafisa wa usalama mwaka uliotangulia, akakosoa utekaji wa vijana, na kufikia mwisho wa Machi mtu mwingine alikuwa ameteuliwa kuchukua nafasi yake.

Utiifu nao haumpi mtu kinga. Julai 11, 2024, kufuatia maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto aliwaondoa mawaziri wote isipokuwa Musalia Mudavadi. Miongoni mwa walioondoka alikuwa Aisha Jumwa, mbunge wa zamani wa Malindi, aliyeshikamana na Ruto tangu kabla ya uchaguzi wa 2022. Nafasi nne zikaenda kwa watu wa ODM, akiwemo Hassan Joho wa Mombasa, na hapo likazuka tena swali lililomhusu Najib Balala, waziri wa Utalii kutoka ODM, alipoondolewa mwaka 2012 katika serikali ya mseto: waziri anayeletwa na kiongozi wa chama chake humtii nani, Rais au kiongozi huyo? Mwenye kutoa maoni asilisahau swali hilo, kwa kuwa mtu aliyeingia kupitia mlango wa mwingine huonekana huru mbele ya Rais na kumbe amefungwa kwingine.

Nani anamfaa nani

Mtiifu anamfaa Rais mwenye ajenda iliyo wazi, aliyewahi kuonyesha kwamba hukubali kusahihishwa, kwa kuwa kwa Rais wa namna hiyo utiifu haumzuii mtu kusema kweli. Mwenye msimamo wake anamfaa zaidi Rais ambaye chama chake kimelishika Bunge kiasi kwamba hakuna kizuizi kingine. Anawafaa pia wananchi wa pembezoni kama sisi, ambao mara nyingi hatuna mwandani wetu Ikulu na hutegemea kuwepo kwa mtu mmoja asiyeogopa kututaja. Rais asiyesikiliza kabisa hatasaidiwa sana na yeyote kati ya hao. Kwake, swali la maana ni kama maamuzi yanaandikwa na kutiwa saini kama Katiba inavyotaka, ili mahakama ipate cha kuyapima.

Kulingana na hali uliyo nayo

Ikiwa mteule anapelekwa kwenye wizara ya utekelezaji, kama barabara, nyumba au kilimo, na serikali ni mpya, mtiifu mwenye uwezo wa kazi ni chaguo la busara. Maelezo yako kwa Bunge yalenge uwezo huo na rekodi yake ya kusimamia fedha. Urafiki wake na Rais usiutumie kama pingamizi peke yake.

Ikiwa nafasi ni ya Mwanasheria Mkuu, ya Hazina ya Taifa au ya usalama wa ndani, nakushauri uzidishe uzito wa msimamo huru. Tafuta katika historia ya mteule siku moja aliyowahi kumkatalia mkubwa wake na jinsi alivyofanya: je, alikataa ndani kwanza au alikimbilia kamera? Kisha mwombe mbunge wako amtake atoe ahadi mahususi mbele ya kamati. Wakati wa hatari, kama Juni 2014 mji wa Mpeketoni, Lamu, ulipovamiwa na makumi ya watu wakauawa, Al-Shabaab wakidai kuhusika na Rais akisema ni mitandao ya kisiasa ya mahali, waziri wa usalama anahitajika kutii mlolongo wa amri bila kusita, na wakati uohuo kupeleka kwa Rais taarifa ya kijasusi ilivyo, hata kama haimpendezi.

Ikiwa Rais yuko katika muhula wake wa pili na wa mwisho, angalia mteule anatamani nini baadaye. Mawaziri watiifu wa mwaka wa kwanza huanza kumtafuta bwana ajaye, na wenye jina kubwa huanza kampeni zao. Mtaalamu asiye na hamu ya kura huwafaa wananchi zaidi katika miaka hiyo, awe alitoka kambi ipi.

Ikiwa uamuzi ni wa kaunti, mizani hubadilika tena. Lamu ina wadi 10 tu, bunge lake lina wanachama chini ya 30, na kwa hivyo kamati ya gavana haiwezi kuzidi theluthi ya idadi yao. Gavana, wateule na wawakilishi wadi hujuana kwa ukoo, kwa msikiti na kwa mtaa, na mwenye msimamo wake hulipa gharama si kazini tu, bali pia harusini na mazikoni. Mahali padogo namna hii sidhani ni haki kumtaka mteule apingane na gavana hadharani. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba awe na taaluma inayompa riziki nje ya kaunti, aahidi kuweka maandishi ya ushauri wake, na afike mbele ya bunge la kaunti kila anapoitwa. Mwakilishi wadi naye aulizwe mapema kama atakuwa tayari kutia saini hoja ya kumwondoa mteule huyo, ambayo kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 huhitaji kuungwa mkono na theluthi ya wanachama, endapo ahadi hizo zitavunjwa.